Siku Tuliyogeuza Lango la Loji

Nyinyi watoto wa siku hizi mnachagua mahali pa kulala kwa picha. Juzi mjukuu wangu Nakiru, anayeniita Ata kwa maana ya bibi, aliniletea simu yake, akanionyesha loji mpya ya hapa Lodwar anakofanya kazi. Kitanda cheupe, mito imepangwa kama mandazi kwenye sinia, na ua jekundu limelazwa juu ya shuka kama kuku aliyekufa.

"Ata, cheki hii. Si ni noma?"

Nikamuuliza, "Upepo unaingilia wapi?"

"Aii, Ata! Picha haina upepo."

"Basi hiyo picha haina loji."

Alicheka, lakini ndiye aliyenilazimisha kuandika haya. Yeye yuko mapokezi, anapokea wageni wanaokuja kuona mji: nyumba ambamo mkoloni aliwafungia wapigania uhuru, sanamu pale juu ya kilima, halafu wanateremka mpaka Longech kando ya ziwa kupiga picha na samaki waliovuliwa na watu wengine. Wote wanamwuliza swali moja, tulale wapi. Akasema, "Andika, Ata, sisi vijana wa hii kazi tusome." Nimeandika. Shule niliiacha mapema kwa sababu mbuzi walinihitaji zaidi, kwa hiyo atakayeona herufi imelala ubavu aiache ilale. Lakini kazi ya loji nimeifanya tangu nikiwa msichana mpaka magoti yakakataa kuinama chini ya vitanda. Kwanza Kakuma, halafu hapa Lodwar. Watu wa pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi wageni wamenivunja mgongo, na bado ningewatandikia.

Mtu anayetafuta mahali pa kulala asianze na kitanda. Aanze na choo. Hili nilifundishwa na Mama Achol, mwanamke kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na nyumba ya chai katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na nyuma yake vyumba vya kulaza wasafiri. Alikuwa mrefu, kila mlango aliuinamia kama anausalimia. Siku yangu ya kwanza nilitandika kitanda hadi kikanyooka kama uso wa maji, nikamwita aone. Hakukitazama. Alikwenda moja kwa moja chooni, akarudi na ufagio, akanipa.

"Ya Akeno," akaniambia, "mgeni anaweza kusamehe kitanda. Kitanda anakutana nacho akiwa na usingizi. Choo anakutana nacho macho yamefunguka."

Baada ya choo, tazama tangi. Haya matangi meusi ya plastiki yanakaa juu ya paa, na jua la Lodwar linayapika tangu asubuhi. Ukifungua bafu mchana unajimwagia chai bila majani. Kijana mmoja kutoka Nairobi alitoka mbio na sabuni kichwani, taulo ameishika kwa meno, akalalamika kwamba hatukumwambia kuna maji moto. Nikamwambia hapa hakuna maji moto wala maji baridi, kuna maji na kuna saa. Oga alfajiri.

Paa la mabati ni zuri kwa picha na kwa mvua ambayo haiji. Paa la makuti ya mkoma, ule tunaouita eng'ol, ndilo linalolaza mtu. Ubaya wake ni wapangaji wa juu, yaani nge. Kung'uta viatu kabla ya kuingiza mguu, hata kama ulivivua sasa hivi, hata kama wewe ni mkubwa wa ofisi.

Upepo wa hapa unatoka mashariki, siku nyingi za mwaka, na unatembea na mchanga wake. Chumba ambacho dirisha lake linatazama mashariki, jioni shuka inakuwa ufuo. Godoro usilibonyeze kwa mkono, mkono ni mwongo, weka goti. Loji iliyo karibu na laga, yaani mto mkavu wa mchanga, ni tamu sana jioni, mchanga umepoa na watoto wanacheza, lakini laga ni barabara ya maji na maji hayapigi honi. Na ukitaka kujua loji ni ya namna gani, usiongee na meneja. Tazama ufagio umewekwa wapi. Ufagio uliotupwa chini umechoka, na aliyeutupa amechoka zaidi.

Hayo yote Nakiru anayajua, nimemwimbia tangu akiwa mdogo. Lakini kuna jambo ambalo halimo chooni wala kwenye tangi, na nililipata siku Mama Erupe alipokataa chumba.

Loji niliyofanyia kazi hapa Lodwar ilikuwa ya mzee tuliyemwita Hajji. Ilijengwa kama loji nyingi za wakati ule: ukuta kuzunguka, ua mrefu katikati, vyumba mstari upande huu na mstari upande ule. Lango kubwa lilikuwa mashariki, kwenye barabara. Nyuma kabisa, magharibi, palikuwa na jiko, na kando ya jiko lango la bati lililofunguliwa kwa ajili ya kuni na gari la kunyonya choo. Hakuna mgeni aliyelijua.

Mchana mmoja alishuka Mzee Lokaale kutoka lori la Kainuk, yeye na wake zake wawili. Mke wa kwanza, huyo Mama Erupe, alikuwa amejifunga kitambaa machoni. Ugonjwa ule tunaujua kwetu. Kope zinageukia ndani, na kila ukipepesa jicho ni mwiba unakwaruza. Jicho moja lilikuwa limekwisha kuwa jeupe. Lililobaki ndilo walilokuja kuokoa. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali, watu ambao hawaji kila mara, na zamu yake ilikuwa kesho asubuhi. Akiikosa, hakuna aliyejua watarudi lini, na jicho halikuwa na subira hiyo. Mke mdogo, Arot, alikuwa amemshika mkono njia nzima, mtoto mgongoni.

Niliwagawia vyumba kwa akili yangu yote. Arot ana mtoto mchanga, nikampa chumba cha kwanza kando ya lango, upande wa kulia, karibu na bomba, afue nepi. Mama Erupe anaumwa macho, nikamchagulia chumba cha mwisho kabisa upande wa kushoto, ambacho jua halikifikii. Kilikuwa na giza zuri na baridi. Nilijipongeza. Arot akaingia kwake, akalaza mtoto. Nikarudi kumchukua mkubwa, ambaye alikuwa amekaa nje ya lango juu ya ngozi yake, anapumzika safari.

"Ejok, mama. Chumba chako kiko tayari. Kina giza, macho yatapoa."

"Ejok-nooi. Kiko wapi?"

"Mwisho, kule ndani."

"Mkono gani?"

Sikuelewa. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto. "Nikiingia langoni, mkono gani?"

"Wa kushoto, mama."

"Na huyu mwenzangu?"

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. "Kulia."

Nyinyi mliozaliwa katika nyumba za mawe labda hamjui. Katika boma letu mwanamke ndiye anayejenga nyumba, na nyumba ni yake. Mke wa kwanza anajenga mkono wa kulia wa lango, anayefuata anajenga kushoto. Mhame mara ngapi, mfuate majani mpaka wapi, kulia ni kulia. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Lakini miaka ya loji ilinifundisha namba za milango, na mtu akizoea namba anasahau mikono.

Mama Erupe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja miguu vizuri juu ya ngozi yake na kusema, "Basi Lodwar wameoa upya. Mimi nimekuwa mdogo. Lori likirudi Kainuk, nipandisheni."

"Mama, hii ni loji. Si boma."

"Kuna lango?"

"Liko."

"Kuna mke wa kwanza?"

"Uko wewe."

"Basi ni boma. Mmeweka tu mabati."

Nilikimbia kwa Arot. Nikamwomba wabadilishane. Arot hakuwa mtu mbaya, alikuwa amemwongoza yule mama mkononi kutoka Kainuk. Lakini alisimama mlangoni akaujaza mlango.

"Mimi sikuomba kulia. Nani alinipa?"

"Mimi."

"Nimeshatandika ngozi yangu, mtoto amelala, mume wangu ameona. Sasa mnanitoa mbele yake kama mbuzi mwenye upele? Mwanamke aliyetandika hatanduliwi."

Na huo pia ni ukweli. Ningemtoa, ningekuwa nimeponya mwiba mmoja kwa kuchoma mwingine.

Nikamgeukia Mzee Lokaale. Alikuwa amekalia kigoda chake chini ya kivuli cha ukuta, anatafuna tumbaku.

"Mzee, sema kitu. Jicho la mke wako linakwenda."

"Jicho lake linaniuma kuliko wewe," akasema. "Lakini mimi nina mifugo. Mambo ya nyumba yana wenyewe." Akatema, akasogeza kigoda kidogo, maana kivuli kilikuwa kimehama.

Kule stendi lori lilianza kupiga honi ya kuita abiria. Mama Erupe akaanza kupapasa chini, anatafuta kibuyu chake ili aondoke.

Mama Achol alikuwa na neno lingine aliloniambia Kakuma, siku msafiri mmoja alipokataa vyumba vyote na mimi nikabaki kumwonyesha shuka. "Ya Akeno, mgeni akigoma usibembeleze kitanda. Tafuta amegomea nini." Mama Erupe hakugomea chumba. Hakukiona hata. Alikuwa amegomea mkono. Lakini mkono nitaubadilishaje, na ukuta umejengwa kwa saruji?

Nilikwenda jikoni nimletee maji ya kunywa, angalau asiondoke na kiu. Nikayateka. Nikageuka kurudi, mgongo wangu ukiwa kwenye lile lango la bati. Na kile chumba chenye giza nikakiona kiko mkono wangu wa kulia. Cha kwanza kabisa. Nusura nimwage maji.

Nikamwita mpishi wetu. "Acha sufuria. Njoo ubebe."

"Nibebe nini?"

"Lango."

Akanitazama. "Akeno, jua limekupiga?"

"Limenipiga, ndiyo. Beba."

Lango la bati lilikuwa halionekani kwa takataka. Kulikuwa na magunia ya makaa, kitanda kilichovunjika, na matawi ya mathenge yaliyorundikwa kwa kuni, yale yenye miiba inayopita hata kwenye soli ya kiatu. Tuliburuta yote hayo kando. Miiba ilinichana mikono, nina alama mpaka leo. Nikafagia, nikamwaga maji vumbi lilale. Mpishi alitukana kwa lugha ya kwao, sikumjibu, maana kubeba alikuwa anabeba. Halafu nikaenda mbele, nikafunga lango kubwa kwa mnyororo na kufuli.

Dereva mmoja aliyekuwa amelala kwetu akatoka na begi lake, akakuta mnyororo. "Mama, lango liko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma si kuna choo?"

"Leo ni mbele."

Nilitokea nyuma, nikazunguka ukuta mpaka alipokaa Mama Erupe. Nikachuchumaa. "Mama, nisamehe, nilikukosea. Nilikuketisha mgongoni mwa nyumba. Lango lenyewe liko upande ule. Nipe mkono."

Akanipa mkono.

Tulizunguka ukuta taratibu, yeye na fimbo yake, mimi na ngozi yake begani. Mzee Lokaale alinyanyua kigoda chake akatufuata bila kuuliza. Tulipofika kwenye lango la bati Mama Erupe alisimama. Aliinua uso, akakaa hivyo, kitambaa machoni, upepo unamchezea shanga za shingoni. Kule stendi lori likapiga honi tena.

"Mkono gani?" akauliza.

"Wa kulia. Cha kwanza."

"Na yule?"

"Kushoto. Kule mwisho kabisa."

"Mwisho kabisa," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi kujua chumvi. Halafu akanyoosha mkono wa kulia, akagusa ukuta, akaufuata mpaka mlangoni, akaingia. Nikasikia ngozi inatandikwa.

Arot alikuwa ametoa kichwa upande wa pili wa ua. "Kwa hiyo mimi sasa niko kushoto?"

"Umetandika, hakuna aliyekutandua."

Alitazama mnyororo mbele, akatazama lango la bati, akajishika mdomo. Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Huu mji ni wa wachawi," akasema. Na jioni ndiye aliyempelekea mkubwa chakula, mikono miwili, ameinama.

Hajji alirudi kutoka Kalokol na kukuta wateja wamesimama barabarani mbele ya mnyororo. Nilimsikia akigonga kwa funguo za gari.

"Akeno! Umefunga loji yangu?"

"Sijafunga. Nimeigeuza. Zunguka."

Alizunguka, kanzu ameishika juu isiguse majivu. Nilimweleza. Alisikiliza, akamtazama yule mama aliyekaa mlangoni kwake, mkono wa kulia, uso umetulia. Hajji naye alikuwa na nyumba mbili, mambo haya hayakuhitaji mkalimani.

"Kesho akienda hospitali lango linarudi mahali pake," akasema.

"Na akirudi kutoka hospitali na bandeji? Aingilie wapi?"

Alishika ndevu. Akatikisa kichwa. Akaondoka kwenda kuswali. Lango likabaki nyuma mpaka bandeji ilipotoka.

Zilikuwa siku za malalamiko. Wageni walipita kwenye kuku, kwenye moshi, kwenye kamba za nguo. Lakini kwa kuwa sasa waliingilia jikoni, kila mtu alinusa chapati kabla ya kuona chumba, akakaa, akaagiza chai. Mpishi alianza kuvaa shati safi. Baadaye lango kubwa lilipofunguliwa, Hajji mwenyewe alisema la bati lisifungwe tena.

Siku bandeji ilipotolewa, Mama Erupe alitoka hospitali moja kwa moja hadi kwenye lori, sikumwona. Nilipata habari kwamba jicho limepona na anachagua mwenyewe mawe kwenye mtama. Nikasema vizuri, nikaendelea kufua shuka. Kazi ya loji ni hiyo, watu wanapita na wewe unabaki na shuka. Jambo moja tu lilinikaa moyoni, kwamba nilimdanganya mama mzima kwa sababu haoni.

Miaka mingi ya mvua ilipita. Asubuhi moja nikasikia fimbo inagonga lango la bati, na lango kubwa liko wazi kabisa barabarani. Nikaenda. Ni Mama Erupe, peke yake, jicho moja jeupe na moja linang'aa kama la ndege. Alikuwa njiani kwenda Kalobeyei kumwona mtoto wa Arot, yule aliyekuwa mgongoni, ambaye sasa alikuwa anaendesha bodaboda huko.

"Mama, lango kubwa liko wazi. Umelipita."

"Nimeliona. Lile ni la wageni."

Nikamuuliza alijua lini kwamba niligeuza lango.

"Siku ileile. Ulipokuja kunisalimia pale kwenye lango la kwanza, upepo ulikuwa unanisukuma mgongoni kuingia ndani. Kwenye la pili ukanipiga usoni. Macho yangu yalikuwa mabovu, Akeno. Uso ulikuwa mzima."

"Na ukaingia."

"Nilikaa pale nje nikawasikia. Magunia yanaburutwa. Yule mpishi wenu anatukana. Wewe unasema beba, beba. Nikajiuliza, hawa wanabeba nini jua lote hili? Mume alinipa mifugo. Watoto walinipa wajukuu. Lango hakuna aliyewahi kunibebea." Akanisukuma kando kwa fimbo. "Sasa toka njiani, nimechoka."

Hakungoja ufunguo. Akaingia mkono wa kulia.

Kwa hiyo, Nakiru, na nyinyi wenzake, mgeni akiwauliza alale wapi hapa Lodwar, mwambieni akague choo, aulize upepo, aweke goti kwenye godoro. Akimaliza hayo yote, akikatae chumba kwanza, halafu akae chini asikilize kama kuna kitu kinaburutwa.